Mke na Mume Wasafiri Pamoja Hata Pasipo Msiba wala Harusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo sijaliona likizungumzwa kwa uzito unaostahili, nalo ni mapumziko ya mke na mume, wawili peke yao, kwa siku mbili za mwisho wa juma, mahali penye utulivu nje ya mji. Magazeti yetu hutoa safu za ushauri wa ndoa karibu kila wiki, na redio nazo zina vipindi vya namna hiyo. Wanandoa huambiwa wazungumze, wasikilizane, wasameheane na wasilale na kinyongo. Ushauri huo ni mzuri na siupingi. Lakini sijamsikia bado mshauri akiuliza mazungumzo hayo yafanyike wapi.

Nyumba ya kawaida ya mtu wa mjini Tanga, kama ilivyo ya mtu wa Morogoro au wa Mwanza, haina pembe ya watu wawili kukaa na kusemezana. Ni chumba na sebule, au vyumba vitatu ikiwa Mungu amejalia, na humo wanaishi watoto, binti wa dada aliyeletwa kusoma, mama mkwe aliyekuja kutibiwa, na mpangaji wa chumba cha uani ambaye ukuta wake ndio ukuta wenu. Neno lisemwalo kwa sauti ya kawaida saa nne za usiku husikika nyumba nzima. Kwa hiyo mambo mazito hunong'onwa, na jambo linalonong'onwa kwa muda mrefu huishia kunyamaziwa. Watu wa nje wakiitazama ndoa ya namna hiyo huiona imetulia, kwa kuwa hawasikii ugomvi, kumbe wenyewe wameacha tu kusemeshana juu ya chochote kisichohusu matumizi ya siku hiyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, na mume wangu anafanya kazi ya zamu. Anaporudi asubuhi mimi nimekwisha kutoka, na ninaporudi mimi yeye amelala au anajiandaa kwenda tena. Kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalikuwa ya ada, umeme wa LUKU, mchele na dawa za mama. Hatukukosana kwa lolote. Nyumba ilikwenda vizuri, watoto walisoma, na kila mmoja wetu alikuwa amechoka bila ya mwenzake kujua amechoshwa na nini hasa. Nikiwasikiliza walimu wenzangu, na nikiwasikiliza wazazi wanaokuja shuleni kuzungumzia watoto wao, naona kwamba hali hiyo ni ya watu wengi sana, wala haihitaji mume mbaya au mke mbaya ili itokee.

Tumelelewa katika desturi ambayo mke na mume husafiri pamoja kwa sababu mbili, msiba na harusi. Wakionekana stendi alfajiri na begi moja, swali la kwanza la jirani ni nani amefariki, na wakijibu kwamba hakuna, la pili ni nani anaoa. Ukisema mnakwenda kupumzika, jirani atakutazama kama mtu anayeficha jambo. Likizo nazo zina wenyewe. Mwezi wa Desemba ni wa kwenda kwa wazee, na huko mke atashinda jikoni na wifi zake, mume atashinda barazani na shemeji na wajomba, na usiku watalala vyumba tofauti kwa sababu wageni ni wengi. Kwenda kwa wazee ni wajibu na ni baraka, nami sitaki mtu anielewe kwamba nauponda. Nasema tu kwamba safari ile ni ya ukoo mzima, na wale wawili waliofunga ndoa hurudi mjini wakiwa hawajapata hata saa moja ya kukaa wao kwa wao.

Wako watakaosema kwamba mapumziko ya namna hii ni anasa ya wenye fedha. Naomba wafungue daftari zao za mwaka. Kila mwezi mezani kwetu hufika kadi za michango, ya kichen pati, ya sendofu, ya harusi yenyewe, na kila kadi ina kiwango chake cha mtu mmoja na cha watu wawili. Tunachanga kwa moyo, maana ndiyo heshima, na kesho zamu itakuwa ya mwanetu. Lakini inakuwaje familia iweze kutoa kwa mwaka mzima ili ndoa za wengine zianze, kisha ikose nauli ya basi na malipo ya usiku mmoja au miwili ili ndoa yake yenyewe ipate pumzi? Sisi tuliweka akiba kidogo kidogo kwenye kibubu, na upatu wa walimu ulipofika zamu yangu nikaongeza kipande. Hatukukopa, wala hatukugusa ada ya mtoto.

Sheria imelifikiria jambo hili kwa upande wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Waajiri wanaowaita watu kazini Jumapili baada ya Jumapili kwa kisingizio cha dharura wajue kwamba wanachochukua ni siku ya familia ya mtu. Wale wa zamu, ambao siku zao za kupumzika hazilingani na za wake zao au waume zao, wana haki ya kuomba angalau mara moja katika miezi kadhaa wapangiwe mapumziko yanayoangukia Jumamosi na Jumapili. Mume wangu aliomba, akakubaliwa, na kazi haikusimama.

Tulikwenda Lushoto. Naitaja kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu kwetu sisi wa Tanga ni aibu ndogo kwamba mlima tunaouona kila tunaposafiri kwenda Moshi na Arusha wengi wetu hatujaupanda isipokuwa kwa mazishi au kwa biashara ya kabichi. Wageni waliowahi kututawala waliijua thamani yake mapema. Reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo maofisa wa Kijerumani walipanda juu kukimbia joto la pwani, wakajenga mji wao wa mapumziko wakauita Wilhelmstal, ambao ndio Lushoto ya leo. Walipoondoka wao wakaja Waingereza, nao wakapanda mlima uleule kwa sababu ileile. Babu zetu walitoa nguvu zao kwenye reli ile na kwenye barabara zile. Siioni sababu ya wajukuu wao kudhani kwamba hewa ya milima hii ya Usambara iliwekwa kwa ajili ya watu wengine.

Safari yenyewe haichoshi. Kutoka Tanga unapita Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo, na hapo Mombo ndipo joto la nyika linapokuaga, kwa kuwa barabara huacha njia kuu na kuanza kupanda kwa kona kali, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili, kilomita 33 hivi hadi Lushoto mjini. Katikati ya njia upo mji mdogo wa Soni wenye maporomoko yake, na ukiwa umekaa dirishani utayaona maji meupe yakishuka kwenye mawe kabla hujaingia sokoni. Mume wangu, ambaye kwenye basi huwa anasinzia tangu stendi, hakufumba macho tangu Mombo. Alinionyesha matuta ya mboga yaliyopandwa hadi karibu na vilele, akawa anauliza maji yanafikaje kule, na abiria wa kiti cha nyuma, mzee wa Kisambaa aliyekuwa akirudi kwake Mlalo, akatueleza kwa utaratibu jinsi mifereji inavyochimbwa kufuata mteremko na jinsi majirani wanavyopangiana zamu za maji. Tulishuka kwenye basi tukiwa tumekwisha kuzungumza kuliko wiki nzima iliyotangulia.

Tulifikia kwa mama mmoja mjane ambaye ana vyumba vichache vya wageni kando ya nyumba yake, nje kidogo ya mji. Simtaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, mablanketi mawili mazito na dirisha linalotazama mgomba na shamba la maharage. Maji ya kuoga yalichemshwa kwa kuni na kuletwa kwenye ndoo, na ndoo ya baridi kando ili mtu achanganye mwenyewe. Chakula kilikuwa viazi, maharage, mboga za majani zilizochumwa jioni ileile na chai ya tangawizi, na baada ya Isha hakukuwa na sauti ila ya mbwa wa mbali na upepo kwenye miti. Hapakuwa na televisheni, na hatukuiulizia. Simu tulizizima, tukawa tunaziwasha muda mfupi baada ya Magharibi kuwasalimu watoto na mama, kisha tunazizima tena. Kwa mtu wa pwani baridi ile ni jambo la kujiandaa nalo, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, na anayekwenda na shati la mikono mifupi atajuta. Masika nayo yana shida zake, kwa kuwa mvua kubwa huleta maporomoko ya udongo barabarani, hivyo ni vyema kuuliza hali ya njia kabla ya kukata tiketi.

Asubuhi tulitembea kwa miguu hadi Irente, mwendo wa taratibu kupitia vijijini, watoto wakitusalimu shikamoo kila hatua. Hapo kanisa la Kilutheri, KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, lina shamba ambalo hutengeneza jibini na jamu, na mgeni anaweza kununua akala kivulini. Mbele zaidi ardhi inakatika. Unasimama kwenye mwamba, na chini yako, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu ya kwenda Moshi na nyika ya Wamasai inayokwenda hadi macho yanaposhindwa. Malori yale ambayo tukiwa barabarani hututia hofu, kutoka pale juu yalikuwa kama siafu wanaohama. Tulikaa hapo hadi jua likawa kali. Mume wangu akaanza kunieleza jambo la kazini kwake lililokuwa likimnyima usingizi kwa miezi, ambalo mimi nilikuwa nikilichukulia kuwa ni hasira za uchovu, nami nikamweleza khofu niliyokuwa nayo juu ya mtoto wetu wa pili. Hatukumaliza siku ile. Tuliendelea jioni, na kesho yake tukiwa kwenye msitu wa Magamba, ambako mbega wanaruka juu ya kichwa chako na njia imefunikwa majani yenye unyevu, mambo mawili kati ya yale tuliyokuwa tukiyabeba kila mtu peke yake yakawa yamepata uamuzi.

Sidai kwamba mlima unatibu ndoa. Ninachokieleza ni kazi ya kawaida ya mahali na wakati. Mtu akitembea bega kwa bega na mwenzake, bila kutazamana uso kwa uso, bila mlango kugongwa, bila mtoto kuomba daftari, maneno hujitokeza yenyewe kwa mpangilio wake, na ukimya unaoingia katikati haumtishi mtu. Waislamu tunapofungishwa ndoa tunakumbushwa aya ya sura ya Ar-Rum inayotueleza kwamba Mwenyezi Mungu ametuumbia wenzi wetu ili tupate utulivu kwao, akajaalia baina yetu mapenzi na huruma. Wakristo wana mafundisho yao ya ndoa yanayoelekea huko huko. Nawaomba masheikh, mapadri na wachungaji wanaowapa mafunzo vijana kabla ya kuoana wasiishie kwenye haki na wajibu tu, bali wawaambie pia, kwa uwazi, kwamba watakuja kuhitaji kutoka nje ya nyumba wakiwa wawili, na kwamba kufanya hivyo hakumpunguzii mtu heshima yake wala hakumfanyi mzazi mbaya.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Mwenye ndoa akiamua kusafiri na mwenzake kwa fedha yake ya kawaida, atalala wapi? Hoteli kubwa hawezi kuzimudu. Zinabaki gesti, na gesti zetu nyingi, tuseme ukweli, zimejengwa na kuendeshwa kwa ajili ya wateja wa namna nyingine. Safari moja tulicheleweshwa na basi, tukalazimika kutafuta malazi katika mji mmoja wa njiani. Mimi nilikuwa nimevaa baibui, mume wangu amevaa kofia yake, tuna begi moja na kikapu cha vyakula. Kijana wa mapokezi, bila kuinua macho kwenye simu yake, akatuuliza, "Mnapumzika au mnalala?" Bei alizokuwa nazo zilikuwa mbili, ya saa chache na ya usiku. Hakukusudia kututukana, kwani alituuliza anachowauliza wote. Mume wangu alinyamaza kidogo, kisha akamjibu kwa upole, "Tunalala, mwanangu. Huyu ni mama watoto wangu." Kijana akaona haya, akatuomba radhi, akatupa kitabu cha wageni tuandike majina, kabila, kazi, tunakotoka na tunakokwenda. Usiku kucha milango ilifunguliwa na kufungwa, muziki wa baa ya uani ukapigwa hadi alfajiri, na shuka lilikuwa la kutiliwa shaka.

Nimelisimulia hilo kwa sababu wanawake wenzangu wengi niliozungumza nao wameniambia kwamba hawakatai kusafiri na waume zao, wanakataa kuonekana wakiingia gesti. Mwanamke mwenye heshima zake anahofia mtu anayemjua asimwone akitoka pale asubuhi, hata kama anatoka na mume wake wa ndoa wa miaka ishirini. Hali hiyo ni mbaya, na haitaondoka kwa kuwahubiria wateja peke yao. Wenye nyumba za wageni wanayo nafasi ya kufanya biashara ya halali na ya kudumu kwa kuamua kwamba nyumba zao ni za kulala usiku, hakuna bei ya saa, hakuna baa uani, na kwamba mtu na mkewe watapokewa kama wageni wa heshima. Atakayefanya hivyo na akalitangaza hilo waziwazi mlangoni pake hatakosa wateja, kwa maana wapo wengi wanaotafuta mahali hapo na hawapaoni.

Mahitaji yetu hayana ughali. Mke na mume wa kipato cha kati hawahitaji bwawa la kuogelea. Wanahitaji shuka safi na blanketi la kutosha, maji ya moto hata kama ni ya ndoo, choo kisafi cha ndani au cha karibu, mlango unaofungika, kimya cha usiku na chakula cha nyumbani. Wanahitaji pia bei iliyoandikwa ukutani kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kutajwa kwa fedha za kigeni, na bado mgeni Mtanzania akifika baadhi ya maeneo ya milimani huhisi kwamba bei aliyotajiwa imepimwa kwa mgeni kutoka ng'ambo, kisha akapunguziwa kwa hisani. Mtu asipunguziwe. Atajiwe bei ambayo imepangwa na yeye akiwa ndani ya hesabu, aikubali au aondoke kwa amani. Na mhudumu akimwona Mtanzania mwenzake ameshika kamera au amekaa tu anatazama bonde, asimuulize amekuja kwa nani. Amekuja kwake mwenyewe.

Halmashauri nazo zinahusika. Hukusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni, na kwa hiyo zina wajibu wa kukagua nyumba hizo kwa usafi na usalama, badala ya kuishia kwenye kukata risiti. Lushoto inao uzoefu ambao wilaya nyingi hazina, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 vijana wa pale wamekuwa wakiwaongoza wageni kwenye vijiji na misitu chini ya mpango wa utalii wa utamaduni, wanazijua njia, wanajua majina ya ndege na miti, na wanaweza kukueleza habari za Mbega, mwasisi wa ufalme wa Wasambaa, na watawala wa Kilindi, ukoo wake, wa Vuga hadi usahau kwamba umechoka. Lakini wengi wamezoea kuongoza safari ndefu za wageni wenye viatu vya kupandia milima. Wangeweza kuandaa matembezi mafupi ya saa mbili au tatu kwa watu wazima wa mjini wasio na mazoezi, yenye mahali pa kukaa na kunywa chai, kwa bei ambayo mwalimu na fundi wanaimudu. Vibao vya njia kwa Kiswahili vingesaidia sana, hasa kwenye njia panda za kwenda Irente na Magamba, ambako tuliona wageni wa Kitanzania wakirudi nyuma kwa kutojua waelekee wapi.

Nisije nikaonekana naipigia debe wilaya moja. Walioko Tanga mjini wanayo Amani, karibu zaidi, unayoifikia kwa kupitia Muheza na kupanda kwa barabara ya vumbi kati ya msitu na mashamba ya chai. Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, miti waliyoileta kutoka mabara mbalimbali bado imesimama, na tangu 1997 eneo kubwa la msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia. Katika misitu ya Usambara ya Mashariki huota ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na leo vizazi vyake vimo ndani ya vyungu madirishani mwa watu Ulaya na Marekani yote. Ni jambo la kufurahisha kumwonyesha mwenzako ua hilo likiwa kwao, kwenye jabali lenye ukungu, wala halihitaji fedha. Wenzetu wa Morogoro wanayo Uluguru, wa Mbeya na Rungwe wanayo milima yao na maziwa ya volkeno, na wa Moshi hawana haja ya kufundishwa na mtu wa pwani.

Kwa wanandoa wenzangu nina maneno machache. Watoto waachieni bibi au shangazi mnayemwamini, na mumwambie ukweli mnakokwenda, maana akijua atawaombea na akifichwa atawadhania. Chagueni wiki isiyo na mtihani wala zamu. Msiende na orodha ya malalamiko mkitarajia kuimaliza njiani. Usiku wa kwanza laleni tu, kwa kuwa miili yenu imechoka kuliko mnavyodhani, na mazungumzo yatakuja kesho yake bila kulazimishwa. Na mtakaporudi, mkiulizwa na jirani mlikuwa wapi, mjibuni kwamba mlikwenda kupumzika, kwa sauti ileile mnayojibia kwamba mlikwenda harusini, ili na yeye apate ujasiri wa kuanza kuweka akiba yake.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwako, Ndugu Mhariri, na kwa wenye nyumba za wageni wa Lushoto, Soni, Mtae, Amani na milima mingine ya nchi hii. Wao waandike katika ukurasa huu waeleze nyumba zao ziko umbali gani kutoka kituo cha basi, bei ya usiku kwa watu wawili kwa shilingi, kama maji ya moto yapo, kama baa iko karibu, na kama wanapokea wateja wa saa. Wewe nawe uwape nafasi, ikiwezekana kabla ya shule kufungwa mwezi wa Juni, kwa kuwa ndipo walimu na wazazi wengi tunapopanga ratiba zetu. Walimu wenzangu wameniomba niwaulizie, na tunasubiri majibu yao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, Chumbageni, Tanga